Injini ya Fuso kwenye Bajaji

Mfyuu! Hebu nisogezeeni kashata, kahawa ya leo chungu kama habari nilizo nazo. Mmewahi kumwona mtu ananunua injini ya Fuso akaifunge kwenye Bajaji? Mimi ninaye nyumbani, mpwa wangu wa damu.

Kijana ana Dell OptiPlex 9020, zile mashine za 2013 zilizotumikia maofisi ya watu zikaishia kwetu mtumba. Mashine nzuri, sisemi. Barua inaandika, filamu inaonyesha. Ila gemu la mpira lilikuwa linakwenda kwa kudonoa, mchezaji anapiga sasa, mpira unaondoka kesho. Akadunduliza vihela vyake, akaenda mjini, akarudi na kadi ya grafiki yenye feni tatu, ndefu kama boflo. "Mjomba, GB 8 hizi!" Nikamuuliza inakula umeme kiasi gani. Akanitazama kama nimemuuliza mahari ya bibi yake.

Haya, tukafungua kasha (lile ambalo mtaa mzima tunaliita CPU, lakini hilo tuliache). Kadi inadai waya wa pini 8. Pawa saplai ya mashine ni wati 290 tu, na waya huo haina. Tundu la kwenye mazabodi linaipa kadi wati 75, likimaliza limemaliza. Waya wa pini 6 unaongeza 75 nyingine, wa pini 8 unaongeza 150. Tubadilishe pawa saplai? Ya mashine hii inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, za madukani zina pini 24, kwa hiyo na adapta uitafute.

Hapo akajitokeza fundi mjuaji na kikamba cha kuchota umeme kwenye waya wa SATA, ule wa hadi disiki. Ala! Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimiwa wati 54, wewe unataka ibebe 150? Nikamtoa na kikamba chake kabla nyumba haijanuka moshi.

Lakini kinachonisonyesha zaidi ni hizi GB. Tunanunua kadi kama tunavyonunua unga, kwa kilo. GB 4? Funga! Wakati GT 730 ya GB 4 za kumbukumbu aina ya DDR3 inaachwa mbali na GT 1030 ya GB 2 za aina ya GDDR5. Na hata hiyo 1030, jamani, shikeni vikombe: ilitoka 2017 na GDDR5, mwaka uliofuata ikaletwa nyingine yenye DDR4. Jina lile lile! Ya kwanza kumbukumbu yake inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya pili haifiki hata 17. Wenye kiwanda wanajua, muuzaji anajua, asiyejua ni mwenye pesa. Huo si ujanja wa biashara, ni kumvua mtu kofia huku unamwamkia.

Zipo na za bandia. Kadi ya zamani kama GTS 450 ya 2010 inaandikwa upya ndani, ikiwashwa inajitambulisha kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z ni ya bure na nyingi ya hizo inaziumbua. Muuzaji asiyekubali uijaribu pale pale dukani, mwage kwa salamu njema.

Kwa mashine kikongwe kama hii mimi nasema GTX 750 Ti ya 2014, wati 60, au 1050 Ti ya 2016, wati 75. Hakikisha tu ni ile isiyo na tundu la waya ubavuni, maana viwanda vingine viliziongezea. Na kama kasha lako ni lile jembamba, beba rula, utafute kadi fupi yenye bati fupi. Ya kawaida hata kifuniko hakitafunga.

Mpwa wangu sasa ana 1050 Ti, kwa mkopo wangu, na jana kanifunga mabao matano. Ile ya feni tatu iko juu ya kabati, inauzwa. Mwenye kuitaka aje, ila aje na pawa saplai yake.