Dawa ya Mkwaruzo: Mwongozo kwa Wenye Probox wa Tawa

Msimu wa maembe ukiingia, Probox ya Tawa huacha kubeba watu ikageuka ghala lenye magurudumu. Viti vya nyuma vinalazwa, kreti zinasukumwa ndani moja baada ya nyingine, na ile plastiki ya kijivu iliyozunguka buti inapokea kona ya kila kreti. Maembe yakiisha, mitungi ya maji ya lita 20 inashika zamu. Kufikia Machi kuta za ndani zimejaa mistari myeupe, utadhani paka wa Mbooni nzima walifanyia mkutano humo. Mwenye gari anatundika leso juu yake na kusema ni pambo. Toa hiyo leso, tufanye kazi.

Toyota ilipoileta Probox mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, iliiunda kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya kubembelezwa. Plastiki yake ni ngumu, haina sponji wala ngozi. Plastiki za namna hii kwa kawaida ni polipropilini, na mara nyingi huchanganywa na unga wa talki. Talki inaipa plastiki ugumu, lakini ndiyo inayokuaibisha: plastiki ikikwaruzwa, unga hujitokeza na mstari unakuwa mweupe. Ndiyo maana mkwaruzo mwembamba kama unywele unaonekana na stendi nzima. Furaha ni kwamba sehemu kubwa ya weupe huo iko juu juu tu, na inatibika.

Anza kwa ukucha. Upitishe kukatisha mstari. Usipokwama, una alama ya juu. Ukikwama, una mfereji, na mfereji una matibabu yake.

Kabla ya lolote, safisha, na hapa ndipo Tawa nzima inapokosea. Vumbi letu lina mchanga ndani yake. Ukichukua kitambaa kikavu ukasugua dashibodi kwa bidii kila asubuhi, umepiga msasa kila asubuhi, na bidii yako ndiyo iliyokwaruza gari. Najua maji yanapatikana kwa jasho, lakini kazi hii haihitaji mtungi. Kikombe kimoja kinatosha. Pangusa vumbi kwanza kwa brashi laini ya rangi, kisha pitisha kitambaa chenye maji na matone machache ya sabuni. Utomvu wa maembe ulioganda usiukwangue kwa kisu. Uwekee kitambaa cha maji ya moto yenye sabuni, ungoje ulainike. Mwisho pitisha spiriti kidogo, ili uondoe ile polishi inayong'arisha dashibodi. Polishi hiyo huwa na silikoni, na rangi haishiki juu ya silikoni hata ukiiombea.

Rangi ya viatu nayo iache kwa viatu. Itaficha mstari hadi jua la saa saba, kisha itahamia kwenye shati jeupe la abiria anayekwenda harusini Masii. Na fundi akija na chupa ya thinna, mpeleke akapake geti. Polipropilini inaweza kuivumilia, lakini sehemu nyingine za gari ni ABS, na ABS ikiguswa na thinna inalainika na kuchafuka moja kwa moja. Ukitaka kujua unashughulika na ipi, fungua kipande ugeuze mgongo wake: herufi PP au ABS mara nyingi zimechongwa hapo kati ya vimshale viwili.

Sasa tiba yenyewe, ambayo ni joto. Azima mashine ya kupuliza hewa moto. Draya ya saluni ina nguvu ndogo, na akina mwaitu, yaani akina mama, walio kwenye foleni hawatakuachia kwa muda unaohitaji. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160, na mashine ya fundi inapita hapo kwa mbali, kwa hiyo ishike shubiri moja kutoka kwenye plastiki na usiache mkono usimame. Ipeleke na uirudishe. Utauona mstari mweupe ukififia mbele ya macho yako, na hapo ndipo watu wanapolewa na ushindi wakaongeza joto. Plastiki ikianza kung'aa, ondoa mashine papo hapo. Vile vijipele vyake vikishayeyuka havirudi, na utabaki na doa linalometa, baya kuliko mkwaruzo. Jaribu kwanza mahali pa siri, karibu na tairi la akiba.

Palipoandikwa SRS AIRBAG pasiguswe na joto, gundi, msasa wala rangi. Kifuniko hicho kimeundwa kipasuke kwa namna yake siku ya ajali. Mkwaruzo wa hapo uishi miaka mingi.

Mfereji ulioshika ukucha unataka subira. Kata vinyweleo vyake kwa wembe, piga msasa namba 400, kisha 800. Jaza kwa puti ya plastiki, si ya bodi, maana ya bodi ni ngumu mno na itapasuka. Supaglu na baking soda hukauka kwa sekunde na kumpa mtu fahari kubwa, lakini gundi hiyo haishiki vizuri kwenye polipropilini, na mtungi wa kwanza utaing'oa. Kabla ya rangi pakaa praima ya plastiki. Bila hiyo rangi itabanduka kwa maganda. Nenda dukani na kipande chenyewe, kwa kuwa jua limeshaibadilisha ile kijivu ya kiwandani. Puliza rangi isiyong'aa, nyembamba mara kadhaa, na ya mwisho iguseguse kwa sponji ikiwa bado mbichi ili ifanane na vijipele vya jirani. Plastiki iliyopasuka kabisa usiihangaikie: tafuta kipande kikuukuu barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ukifunge.

Kisha pakia upya kwa akili. Dereva mmoja stendi alimwambia mama mwenye kreti, "Mwaitu, ningoje nitandike gunia kwanza." Mama akajibu, "Harakisha, mwanangu, lori linaondoka Masii." Dereva akatandika hivyo hivyo, na alifanya sawa. Gunia lipande hadi usawa wa dirisha, pembe zake zifungwe kwa kamba kwenye ndoano za buti, na jioni likung'utwe nje, kwa sababu mchanga ulionaswa chini yake unakwaruza kama kreti.