Namna ya Kuwaacha Nyuma Wenye Visingizio: Mwongozo kwa Binti wa Songea Anayetaka Mbio za Baiskeli

Kabla hujaufikiria mlima wala mpinzani, mfikirie mwenye baiskeli. Katika nyumba nyingi za Songea, iwe Lizaboni, Bombambili au Mshangano, baiskeli ni moja na ina mwenyewe, na mwenyewe ni baba au kaka mkubwa. Binti huipata siku ina mzigo. Ichukue hivyohivyo. Jitolee kupeleka mahindi mashineni. Debe moja lina kilo kama 18 hadi 20. Lifunge kwa mpira kwenye keria, panda nalo kilima chote bila kushuka kusukuma, na ukirudi na unga utakuwa umefanya zoezi ambalo watu wa mijini wanalilipia ada kila mwezi. Majirani watakusifu kwa kupenda kazi. Waitikie kwa heshima, na kesho yake jitolee tena.

Lakini mzigo hujenga miguu tu, haujengi mwendo. Unahitaji baiskeli tupu na saa za kuiendesha, na hizo huombwa hadharani. Ngoja chakula cha jioni, mama awepo.

"Kaka, Jumamosi asubuhi unaitumia baiskeli?"

"Siitumii. Unaenda wapi?"

"Likuyufusi na kurudi. Najiandaa na mashindano."

Atacheka. Mwache acheke mpaka amalize, kisha itaje Jumamosi mara ya pili. Ruhusa iliyotamkwa mbele ya mama haivunjwi kirahisi. Mama naye atauliza nani atachota maji, na hapo ndipo wengi hukwama. Uwe na jibu: "Ijumaa jioni nitajaza ndoo zote, mama. Jumamosi kaka anisaidie." Sentensi hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko mteremko wowote wa Matogoro, nami nakusihi uiseme. Mvulana akiaga kwenda mazoezini, hakuna anayemuuliza habari za ndoo. Msichana akiaga, ndoo ndiyo inayotajwa kwanza. Tunawaona mabinti wetu wakiishiwa pumzi kilomita ya ishirini tunasema hawana nguvu, kumbe hawana saa. Mpe msichana saa mbili za Jumamosi kila wiki kwa mwaka mzima, ndipo umpime.

Sasa baiskeli yenyewe. Uwezekano mkubwa ni Phoenix: fremu ya chuma, matairi ya 28, gia moja, uzito wa karibu kilo 20. Usiionee haya, ila irekebishe ikufae wewe, kwa kuwa ilipimwa kwa mguu wa mwanamume mzima. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka hapo. Kiuno kikicheza kushoto na kulia kuikimbiza pedali, siti iko juu mno, na ukienda hivyo kilomita 40 mgongo utakuambia. Kama siti imeshushwa hadi mwisho na bado hufiki, mwombe fundi afunge kipande cha mbao kwenye kila pedali. Watoto wamefanyiwa hivyo miaka yote, na mbao mbili zilizokazwa vizuri kwa bolti zinakupa msukumo kamili wa mguu, jambo ambalo ncha za vidole hazikupi. Vua keria siku ya mbio. Vua stendi. Cheni iwe imekazwa na kupakwa mafuta kidogo tu, kwani mafuta mengi hukusanya vumbi letu jekundu na kulifanya msasa.

Fundi wa mtaani kwenu ndiye chuo chako. Nenda ukae naye, mshikie spana, umwangalie anavyonyoosha rimu kwa kukaza na kulegeza spoku. Usiondoke hapo mpaka umejua kuziba pancha mwenyewe: kutoa tyubu, kuisugua kwa msasa, kupaka solusheni, kuiacha ikauke kabla ya kubandika kiraka. Msichana anayengoja kaka apite amsaidie pancha ameshatoka mashindanoni. Na ukiharibikiwa njiani kwa namna isiyozibika, mkumbuke Alfonsina Strada wa Italia. Mwaka 1924 aliingia mbio za Giro d'Italia, zilizokuwa za wanaume, jina lake likiandikwa bila ile herufi ya mwisho inayolifanya la kike. Katika hatua moja yenye mvua na upepo usukani wake ulivunjika. Aliuunga kwa kipande cha mpini wa ufagio akaendelea. Alifika nje ya muda uliowekwa, akaruhusiwa kuendelea bila kuhesabiwa kwenye ushindani, akafika Milan wakati wanaume wengi walioanza naye walikuwa wameshakata tamaa. Mipini ya fagio haijatuishia Ruvuma.

Mavazi yasikupotezee siku. Sketi pana huingia kwenye cheni, na cheni haibembelezi. Vaa taiti au kaptura isiyo na mshono mnene katikati, na kama nyumbani hawaafiki, vaa sketi fupi ya michezo juu yake. Ukivaa hijabu, ipachike ndani ya fulana isipeperuke machoni. Paka vaselini panapochubuka. Siku za hedhi endesha kama kawaida ukijisikia vizuri, na pumzika ukiumwa. Pedi nyembamba iliyokaa sawa inavumilia safari ya saa mbili, na ya akiba ikae kwenye mfuko wa solusheni. Nayataja haya waziwazi kwa sababu nimeona wasichana wakiacha mchezo kwa kitu kidogo ambacho hakuna mtu mzima aliyekubali kukizungumza nao.

Utaambiwa baiskeli inaharibu usichana. Utaambiwa na bibi, na jirani, na wakati mwingine na mwalimu, kwa sauti ya chini kana kwamba wanakuokoa. Jibu lake ni la kitabibu na lisemwe bila aibu: bikira haipimiki kwa macho wala kwa vidole. Utando wenyewe hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa na hauwezi kuonyesha kama amewahi kulala na mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka vipimo vya bikira vikomeshwe kila mahali kwa kuwa havina msingi wa sayansi na vinawaumiza wasichana. Hofu hizi wala si za Songea peke yake. Katika miaka ya 1890 kulikuwa na madaktari Uingereza walioonya kwamba mwanamke akiendesha baiskeli atapata uso uliokakamaa, macho yaliyotoka na taya lililokazwa. Wanawake wakaendelea kuendesha, nyuso zao zikabaki vilevile. Bibi msikilize kwa adabu, maana anakupenda. Mweleze taratibu. Kisha kapande baiskeli.

Barabara nayo inataka akili. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kila upande unaotoka una kupanda na kushuka. Barabara ya Mbinga inakupitisha Likuyufusi. Kwenda hadi Peramiho na kurudi ni kama kilomita 48 za lami, na sioni mazoezi bora zaidi ya hayo kwa binti wa miaka 16. Ila barabara hiyohiyo ndiyo ya malori ya makaa ya mawe kutoka machimbo ya Ngaka. Lori likikupita, upepo wake hukusukuma pembeni kwanza, kisha hukuvuta kuelekea kwenye matairi. Kwa hiyo ukisikia mngurumo nyuma, shika usukani kwa mikono yote miwili, legeza viwiko, nyoosha njia yako, na usigeuke kutazama, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Funga kioo kidogo upande wa kulia. Ondoka kukiwa kumepambazuka kabisa, vaa rangi inayoonekana, na uende na mwenzako. Masika usiamini breki: za Phoenix hubana rimu kwa raba, na rimu ikilowa hukawia kushika. Anza kubana mapema, kidogokidogo, kabla ya kona, siyo ndani ya kona.

Chakula hakihitaji duka maalumu. Ugali na maharage usiku wa kuamkia mbio, viazi vitamu au uji asubuhi, saa mbili kabla ya mbio, ndizi mfukoni, togwa chupani. Usipa wa Ziwa Nyasa na mboga za majani kila wiki, maana msichana anayepata hedhi hupoteza damu na akikosa madini ya chuma huchoka kabla ya wengine.

Siku ya mbio, kwenye mstari, wavulana watajaa mbele hata kama mbio si zao. Piga hodi, sogea, simama mstari wa kwanza. Filimbi ikilia usikurupuke kwa kushangiliwa. Umati unapenda mita mia za mwanzo, na mita mia za mwanzo hazina zawadi. Tafuta mgongo wa mtu imara ukae nyuma yake, gurudumu lako la mbele likiwa pembeni kidogo ya gurudumu lake la nyuma. Anayekaa hivyo anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi, kwa sababu wa mbele ndiye anayekata upepo. Pokezaneni kwa haki mpaka kilima cha mwisho. Hapo, kwa kuwa una gia moja, usisubiri mwendo ufe ndipo usimame juu ya pedali. Simama mapema ukiwa bado na kasi, vuta usukani, na uwaache wanaosubiri. Kwenye mteremko miguu haitafuata tena. Inamisha mwili, leta viwiko ndani, acha uzito wa chuma ukufanyie kazi. Kilo zile 20 ulizozilaani wakati wa kupanda zinalipa hapo.

Sasa nigeuke niseme na waandaaji, maana binti akifanya yote haya bado anaweza kukuta mashindano yasiyomhusu. Songea tunajua kuandaa. Tamasha la Majimaji Selebuka limewahi kuziweka mbio za baiskeli pamoja na riadha, ngoma za asili na midahalo ya wanafunzi wa sekondari, na mji mzima ukatoka kutazama. Tufanye basi na kundi la wasichana chini ya miaka 18, lenye mstari wake wa kuanzia na waamuzi wake, lisiwe kichekesho cha kujaza muda wakati wanaume wako njiani. Lipewe umbali wa kweli. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, na wasichana wa miaka 17 na 18 walikimbia kilomita 74 kwenye vilima vilivyo juu kuliko vyetu. Aliyeshinda ni Paula Ostiz wa Hispania. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2015, Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikuwa ameshiriki mashindano hayo huko Richmond, Marekani. Katika mwaka huohuo wa Kigali, Kim Le Court wa Mauritius alishinda hatua ya mbio za wanawake za Tour de France na kuvaa jezi ya njano. Michezo ya Olimpiki ilikuwa na mbio za barabarani za wanaume tangu 1896 na ikangoja hadi 1984 kuwapa wanawake za kwao. Sisi hatuna sababu ya kungoja. Peramiho ipo, lami ipo, na wasichana wanaopanda vilima na debe la mahindi wapo.

Zawadi ziwe sawa. Mvulana akipewa baiskeli, msichana asipewe kanga na beseni. Mshindi wa kike aliyepewa baiskeli yake mwenyewe haombi tena ruhusa ya Jumamosi, na mwakani atarudi na wadogo zake. Chama cha Mchezo wa Baiskeli Tanzania, CHABATA, kina kazi ya kufuatilia majina hayo, na afisa michezo wa halmashauri naye vilevile.

Jambo moja halina utani hata kidogo. Kocha mzuri anafundisha mbele za watu. Anayetaka mwonane peke yenu usiku, anayekuahidi nafasi au pesa kwa siri, anayekwambia usimweleze mama, huyo hakuandai kwa mashindano. Mwambie mama siku hiyohiyo, na asipokusikia mwambie shangazi, mwalimu wa kike, au nenda kwenye dawati la jinsia kituo cha polisi. Mzazi, mtu huyo akitajwa mwamini mtoto kwanza, na usimnyang'anye baiskeli kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Ukishavuka mstari, kunywa maji, tembea kidogo miguu isikaze, kisha nenda kwenye meza ya waamuzi. Uliza umetumia muda gani. Wakikwambia wasichana hawakupimwa muda, baki hapo, kwa adabu, mpaka mmoja wao atafute kalamu. Hakikisha ameandika jina lako kamili, umri wako, umbali na nafasi uliyoshika, na mwenzako apige picha karatasi hiyo kwa simu. Mwakani, watakapokaa kupanga mashindano na mtu akasema Songea hakuna wasichana waendesha baiskeli, karatasi hiyo ipelekwe mezani.