Flashi kwa Jua

Magharibi ikikaribia Forodhani, Unguja, hukosi kumwona bwana mmoja kawasha flashi ya simu ili alipige picha jua. Jua lenyewe liko umbali wa kilomita milioni 150. Flashi yake haimfikii hata muuza miwa wa pembeni. Lakini usimkatize, fundi yuko kazini.

Mwenziwe ni mtu wa mapambo. Keshaikoleza picha rangi hadi anga imekuwa bakuli la urojo. Na jahazi, ambalo uzuri wake wote ulikuwa kubaki kivuli cheusi chenye tanga, kaling'arisha mpaka misumari inahesabika. Vivuli vyote kavifukuza, utadhani vinamdai kodi.

Wa tatu kamsimamisha mkewe, jua likiwa mgongoni mwake. Simu ikapima mwanga wa anga, bibi akatoka mweusi tii, pua na mdomo havijulikani vilipo.

"Baba Asha, huyu ni nani?"

Angeugusa uso wa mkewe pale kwenye kioo cha simu, angempata mke na anga ingefifia ikawa nyeupe pe. Kachagua anga. Usiku ule, nasikia, urojo kaula peke yake.