Namna ya Kunywa Upareni Bila Kuaibisha Kwenu

Siku hizi kuna msafiri ambaye kabla hajafika mji ameshauliza bia ya hapo inapikwa wapi. Nairobi ataulizia Bateleur na 254. Brussels atakwenda moja kwa moja Cantillon, nyumba iliyoanza mwaka 1900, ambako bia bado huachwa ipoe wazi usiku kucha ili chachu ya hewani iingie yenyewe. Atalipa nauli ya ndege kwa ajili ya kinywaji kichachu, chenye ukungu, kisichofanana leo na kesho. Msafiri huyohuyo akipita Same kwa basi la kwenda Arusha, atashuka kununua maji na mahindi ya kuchoma, kisha atapanda tena. Juu ya kichwa chake, kwenye milima ya Upare, kuna mama anachuja pombe ya miwa iliyochachuka kwa njia ileile. Mwongozo huu ni wa kumshusha msafiri huyo na begi lake.

Anza na mji wenyewe, usiudharau. Same iko upande mkavu wa milima na joto lake halina mzaha. Wageni wengi wanaolala hapo wamekuja kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Wewe tafuta grosari. Ni duka dogo lenye kreti zilizopangwa ukutani, viti vya plastiki nje, na mara nyingi jiko la nyama choma jirani. Utaulizwa swali moja tu: ya moto au ya baridi? Jibu bila kushangaa. Ya moto maana yake ni iliyokaa kwenye kreti, na wako wazee wa Kilimanjaro ambao hawajawahi kuitaka nyingine. Utakuta Safari, inayonywewa tangu 1977, na Kilimanjaro, iliyoingia sokoni 1996. Kunywa moja, kula nyama, sikiliza mpira. Halafu ulale mapema, kwa sababu gari la milimani ni la asubuhi.

Gari hilo haliondoki saa ikifika, linaondoka likijaa. Usimuulize kondakta mara tatu. Atakujibu mara tatu kwamba “tunatoka sasa hivi”, na mara zote tatu atakuwa anamaanisha. Panda, beba sweta, na kubali kumpakata mtoto wa mtu. Barabara inapita Mwembe na kupanda kuelekea Mbaga. Kadiri unavyopanda ndivyo vumbi linavyokwisha na migomba inavyoanza, na kileleni kabisa, Shengena, ni mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Hapo utaelewa kwa nini Wapare walijenga makazi yao juu, wakaiacha tambarare kwa wafugaji na kwa mkonge.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wageni wengi huharibu. Wasabato walianza kazi yao Upare Kusini mwaka 1903, na sehemu kama Suji, juu ya Makanya, ni kitovu chao hadi leo. Kwa hiyo usipande Suji Jumamosi ukiulizia pombe. Usiulizie Ijumaa jua likishazama. Kwa kweli usiulizie siku yoyote kwenye nyumba usiyoijua, maana Msabato hanywi wiki nzima, na nyumba ya pili inaweza kuwa ya Mwislamu, hasa ukiwa Ugweno na Usangi kule Upare Kaskazini, au Kisiwani kule bondeni. Watu hawa ni majirani wa muda mrefu na wanaheshimiana; usiwe wewe wa kuwachanganya. Mwulize mwenyeji wako kwa sauti ya chini: “Samahani kaka, hapa kilabu kiko upande gani?” Kama mwenyeji wako ni mzee wa kanisa, mwulize bodaboda.

Na usiende asubuhi. Kijiji kinalima, na anayekaa kilabuni saa nne asubuhi anajulikana kwa jina na kwa ukoo. Saa kumi jioni ndiyo saa ya watu walioshika jembe. Ukiwa na bahati utakuta siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, pengine ya kuzibua mfereji au kutoa tope kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ambayo Wapare wamekuwa wakikusanyia maji ya kumwagilia tangu enzi za mababu. Shika koleo. Sisemi hivyo ili upate picha nzuri. Mtu aliyetoka na tope magotini hupewa nafasi kwenye benchi bila kuuliza, na mazungumzo anayoyasikia hapo hayasikiki na aliyeshuka kwenye gari na kamera.

Ukifika kilabuni, salimia wote. Wote kabisa. Zunguka, toa mkono, mpe shikamoo kila aliyekuzidi umri, anza na mzee aliye pembeni kabisa kwa sababu ndiye mwenye nafasi ile siku zote. Kisha kaa unapoonyeshwa. Usiombe orodha ya vinywaji. Uliza hivi: “Mama, leo kuna nini?”

Siku nyingi kuna dengelua. Hiyo ndiyo pombe ya Wapare, na ndiyo sababu ya safari yako. Muwa unamenywa, unakatwa vipande, unatwangwa kwenye kinu au kupitishwa kwenye mashine, maji yake yanakamuliwa na kuachwa yachachuke. Huko juu baridi huichelewesha chachu, kwa hiyo chombo hukaa karibu na moto jikoni. Ikiwa changa ni tamu na inashuka bila kugonga hodi. Ikikaa inakuwa chachu, utamu unakimbia na ukali unaingia. Mpishi mzuri anajua saa yake, na wateja wake wanajua pia. Utaona watu wanaanza kuja wawili watatu bila kuitwa. Ukiambiwa “bado”, amini. Ukiambiwa “jana ndiyo ilikuwa”, amini pia, na urudi siku nyingine.

Mwangalie akichuja, maana huo ndio ufundi wenyewe. Anatandika kitambaa juu ya ndoo, anamimina taratibu kutoka kwenye dumu, anakusanya ncha nne za kitambaa na kukisokota mpaka makapi yakauke. Povu linapanda hadi ukingoni. Anasubiri. Hazimi povu kwa mkono wala hapulizi. Anasubiri likae lenyewe, ndipo anachota kikombe kidogo, anaonja yeye kwanza mbele yako, kisha anakumiminia. Kuonja huko si kukucheleweshea kiu. Ni mila ya sehemu nyingi za nchi hii: aliyepika anakuhakikishia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba chombo ni salama. Pokea kwa mikono miwili, au kwa wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko. Ukiwa na wasiwasi na kikombe cha kuzungushana, omba chako mapema, kwa adabu, hakuna atakayenuna. Kukikataa kikiwa kimeshafika mkononi ndiko kunakonunisha.

Unaweza pia kukuta mbege. Usimwambie Mpare kwamba mbege ni ya Wachagga, anajua, na ana maneno ya kutosha juu ya Wachagga. Ndizi zilizoiva huchemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi ulioota, na gome la msesewe huipa uchungu wake. Ni chakula na kinywaji kwa pamoja, inashibisha. Lakini kama kuna dengelua, kunywa dengelua. Mbege utaikuta Moshi.

Kabla ya yote hayo, kula makande. Mahindi na maharage yaliyochemshwa hadi yakaelewana ndiyo chakula cha Upareni, na tumbo lililoyabeba linavumilia dengelua kwa staha. Tumbo tupu linatoa siri.

Kuhusu bei, lipa. Wapare wana jina la kubana matumizi, na watani wao hawachoki kusema kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitaki kuku wake aliyeibwa. Utani huo ni mali ya watani. Mgeni asiuanze, ausubiri. Mimi naupenda kwa sababu ndani yake mna heshima: watu hawa wanajua haki yao. Mwaka 1945 walishuka kwa maelfu hadi Same, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya kupinga kodi ya mbiru ambayo serikali ya kikoloni iliwatwisha, na walikataa kuondoka kirahisi. Mtu ambaye babu yake alikaa pale hawezi kushindwa kubishana nawe juu ya jagi moja. Na jagi hilo ni ada ya shule ya mtoto, kwa sababu anayepika na kuuza kwa kawaida ni mama. Alitwanga, alibeba kuni, alikesha. Ukimpunguzia shilingi mia mbili umepunguza kitabu. Ukifurahi, nunua jagi la meza nzima; hilo linakumbukwa kuliko picha utakayopiga, na picha yenyewe iombe kwanza.

Kuna kitu kimoja ambacho usikubali hata kwa adabu: gongo. Ikija kwenye chupa ndogo ya maji, haina rangi, na anayeitoa anaangalia nyuma, rudisha. Kutengeneza na kuuza pombe ya kukeneka bila leseni ni kosa, na mbaya zaidi, hujui kilichochanganywa ndani. Watu wamepoteza macho na wengine maisha. Dengelua itakulewesha na kesho utaamka. Kwa gongo hakuna wa kukupa dhamana hiyo. Na ukishakunywa chochote, usiendeshe. Kona za kushuka Mbaga zinataka macho mawili yanayokubaliana. Lala milimani, baridi ni nzuri na blanketi lipo.

Utataka kubeba kidogo ukawaonjeshe wa nyumbani. Ukikaza kifuniko, dengelua itaendelea kuchachuka njiani, na karibu na Korogwe dumu litapasuka juu ya mizigo ya abiria wote. Ukilegeza, itamwagika. Afadhali upitie Mamba ununue tangawizi. Wilaya ya Same inalima nyingi na nzuri, na hadi Dar es Salaam itakuwa bado tangawizi.