Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Mheshimiwa Mamlaka Husika,
Popote ulipo,
Dodoma.

YAH: KUOMBA KUJULISHWA MASHINDANO KABLA HAYAJAPITA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Mombasa, nasoma kompyuta katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nakuandikia wewe kwa sababu kila ofisi niliyobisha hodi kuulizia mashindano ya hisabati na ya kuandika programu imenielekeza kwako. "Hilo liko kwa mamlaka husika," wananiambia kwa upole, kisha wananipa kiti nipumzike. Kwa kuwa Serikali imehamia huku, naamini nawe umehama. Nimekutafuta hadi mji wa Serikali wa Mtumba. Nikaambiwa huenda umeteremka Dar kikazi. Kwa treni ya SGR siku hizi ni saa chache tu, basi nakusubiri.

Kwanza nikupongeze. Kuficha mashindano si kazi ndogo. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, imeshindwa kabisa kujificha: hata mama lishe anajua shule ipi imetolewa ngazi ya wilaya, na refa yupi aliyeionea. Hisabati umeitunzia siri yake vizuri, ingawa Chama cha Hisabati Tanzania kipo, na Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika Nzima ipo tangu 1987. Mwaka 2024 Misri ilipokea fainali za dunia za ICPC, shindano la vyuo la kuandika programu, mjini Luxor mwezi Aprili, na Olimpiadi ya Kimataifa ya Infomatiki mjini Alexandria mwezi Septemba. Bara ni letu, lakini habari zilinifikia washindi wakiwa wameshavua medali na kwenda kulala.

Kanuni nazielewa. ICPC haiulizi pasipoti, inauliza chuo. Timu ni watu watatu wenye kompyuta moja kwa muda wa saa tano. Hapo nilifurahi, maana wanafunzi watatu kwa kompyuta moja ni mazoezi tunayoyafanya tangu sekondari, tena bila kocha. Kilichobaki kilikuwa kujua mchujo ni lini. Nikaenda kwenye ubao wa matangazo. Pale pana chumba masta cha kupanga, maji mara mbili kwa wiki, kitambulisho kilichopotea, fundi wa kuchapa ripoti, godoro la tano kwa sita la mtu anayehitimu. Chini ya godoro, karatasi imebaki na pini moja, upepo unaipeperusha: shindano la kuandika programu, mwisho wa kujisajili jana.

Nikaambiwa mambo haya siku hizi yako WhatsApp. Ndipo nikakutana na swali ambalo nakunakilia lilivyo, na alama zake kama za swali moja la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati:

"Tangazo hutolewa kwenye grupu. Haingii mtu kwenye grupu ila kwa adimini. Adimini hajulikani ila kwa waliomo kwenye grupu. Thibitisha kwamba mgeni anaweza kushiriki. (Alama 7)"

Wenyeji hulijibu kwa mstari mmoja: "Binamu yangu yumo." Kumbe mchujo wa kwanza ni wa kujuana, hesabu zinafuata. Wala usidhani ugeni huu ni wangu peke yangu. Kijana aliyetoka Kondoa au Mpwapwa na kipaji chake mkononi analijua grupu hilo kama ninavyolijua mimi, na yeye yuko nchini kwake.

Kwa sasa najikimu kwa Warusi. Mtandao wa Codeforces, alioanzisha Mike Mirzayanov na uliofunguliwa mwaka 2010, hutangaza mashindano mapema na hauulizi binamu. Mengi huanza saa 11:35 jioni, saa ambazo hata sihitaji kuzigeuza, kwa kuwa Moscow na Dodoma saa zao ni zilezile. Ratiba ya Warusi naijua kwa moyo. Ya mkoa ninaokaa bado naitafuta.

Ombi langu ni karatasi moja kila Januari: jina la shindano, nani anaruhusiwa, siku ya mwisho ya kujisajili, na namba ya simu ambayo ikipigwa inapokelewa. Ibandikwe kila inapobandikwa ratiba ya UMISSETA, na vyuoni pia. Tafadhali usiunde kamati. Kamati ikiundwa itafungua grupu.

Wako katika ujenzi wa taifa jirani,
Mwanafunzi Mgeni

Nakala: Adimini (yeyote anayemfahamu amfikishie).