Shuka Pale Palipokuwa na Mwembe

Sina ugomvi na Dar es Salaam kwa joto lake. Joto hata kwetu Tanga lipo. Foleni nayo nimeisamehe, maana ndani ya foleni kuna karanga, maji baridi na ubuyu, vyote vinapita dirishani. Ugomvi wangu ni mmoja tu: mji huu hauelekezeki. Sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 5.3. Wote hao asubuhi wanatoka, wanatawanyika, usiku kila mmoja amelala kwake. Ukimuuliza hata mmoja wao amefikaje, hawezi kukueleza ukaelewa.

Mimi mtu wa Ngamiani, hukohuko Tanga. Barabara zetu zina namba, na namba zinafuatana. Ukiambiwa fundi anakaa barabara ya kumi na mbili, huhitaji simu wala malaika. Mlevi wa Ngamiani anaweza kukosea mlango, akaamkia kwa jirani, kukawa na maneno, barabara hakosei.

Dar unaelekezwa kwa marehemu. "Nyoosha mpaka pale palipokuwa na mwembe, halafu ingia kushoto." Mwembe ulikatwa lini? "Aa, zamani." Sasa mimi niliyeshuka kwenye basi saa nane mchana nitaujuaje mwembe uliokatwa zamani? Magomeni kuna kituo cha Mapipa. Nilikodoa macho, sikuona pipa. Ukielekea Mbezi Beach kuna Tangi Bovu. Tangi sikuliona, si bovu si zima. Mjini kuna Posta ya Zamani na Posta Mpya, na hiyo mpya naisikia ikiitwa mpya tangu sijaota ndevu, leo ndevu zenyewe zina mvi.

Dada yangu anakaa Sinza miaka mingi. Alinipigia simu kunielekeza nikiwa bado Segera. "Ukishuka Ubungo," akaanza, "vuka barabara..." Nikamkatisha: dada, mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis tangu 2021, stendi ya Magufuli, hata sisi wa mkoani tunajua. Akanyamaza kidogo.

"Sawa," akasema, "lakini we jifanye umeshuka Ubungo."

Halafu mtu wa Dar hajui kusema hajui. Nadhani ni ukarimu. Anaona aibu kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu, basi anampa chochote. Pale Sinza nilikuta wazee watatu kijiweni, birika la kahawa pembeni, bao katikati. Nikatoa shikamoo, nikataja jina la shemeji yangu. Wa kwanza akanyoosha mkono upande wa Shekilango. Wa pili akanyoosha upande wa Mwenge, tena kwa hasira, kama anayesahihisha. Wa tatu akaniuliza huyo shemeji ni mtu wa wapi, anafanya kazi gani, alioa lini. Nikajibu yote, begi begani.

"Aa, huyo namjua," akasema. "Alihama."

Wakati huo shemeji yupo kwenye simu ananiuliza nimefika wapi. Nikampa mzee simu. Wakasalimiana vizuri sana, wakaulizana habari za watoto. Mzee akanirudishia simu.

"Kahama huyo," akasema, akarudi kwenye bao.

Nikaona bora nijifunze daladala, labda gari litakuwa na ukweli kuliko binadamu. Daladala ina maandishi kwenye paji la uso na mstari wa rangi ubavuni, kila njia na rangi yake. Safi. Ila maandishi yenyewe ni ya watu wanaojuana. K/KOO. G/MBOTO. T/NYUKI. Kariakoo nilipata, Gongo la Mboto nikakisia, ile ya tatu ilinilaza kituoni mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanihurumia: "Tegeta Nyuki, kaka." Kuna stendi ambayo kwa karatasi za serikali ni Mawasiliano, kwa makonda ni Simu 2000. Ukiuliza Mawasiliano utaambiwa uende Simu 2000, ukiuliza ni mbali kiasi gani utaambiwa umesimama ndani yake.

Jioni ndiyo balaa. Unafika mwisho wa gari, umesimama kwa adabu zako za mkoani, gari linakuja, unasubiri wateremke upande. Hawateremki. Gari limefika mwisho wa safari, limejaa, na hakuna anayeinuka! Kumbe wamepandia vituo vya nyuma wakaja nalo huku, wamelipa nauli ya kuja, sasa wanalipa ya kurudi, ili mradi wawe wamekaa. Wenyewe wanaita kugeuka nalo. Yaani mtu wa Mbagala akitaka kwenda Mbagala, kwanza aende anakotoka. Waliokosa akili hiyo wanaingilia dirishani, tena mmoja alikuwa na tai. Unatangulia mkoba, unafuata mguu wa kulia, halafu sehemu kubwa ya mwili inagoma kwa muda, watu wanasukuma.

Ndani hakuna anayeongea na wewe ila mkono wa konda. Hasemi "naomba nauli". Anachezesha sarafu kiganjani karibu na sikio lako, *cha, cha, cha*, anatazama kwingine. Usipotoa, sarafu zinaongeza kasi.

Hata hivyo, kwa nauli hiyo nimesafiri. Nimepita Morocco, nimepita Biafra kule Kinondoni, nimeshuka Argentina ya Manzese nikapanda tena, nimelala macho wazi mpaka Palestina ya Sinza. Hakuna aliyeniomba pasipoti.

Na hapo Sinza kuna kitu kimoja ambacho sitakisema vibaya. Kituo cha kwa Remmy. Remmy Ongala alitoka Kongo akaja kupiga muziki Dar, akafariki Desemba 2010, na mpaka leo watu wanashuka kwake. Miji mingine mtu mkubwa wanamchongea sanamu, kunguru wakafanya yao juu ya kichwa. Huyu anatajwa jina na makonda tangu alfajiri mpaka gari la mwisho: "Kwa Remmy wapo?" Na siku zote wapo. Heshima kama hiyo hata mimi naitaka, ingawa sijui nani atashuka.

Msidhani serikali imelala. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliwekewa anwani za makazi: vibao vya majina ya mitaa, namba kwenye milango. Nilifurahi nilipoviona, nikasema haya sasa, Ngamiani imefika Dar. Nikasimamisha bajaji, nikamtajia dereva mtaa wa dada yangu kama nilivyousoma kwenye kibao siku iliyotangulia.

"Mtaa huo ndio upi, mzee?"

Nikamwambia ni mtaa wa hapa Sinza. Akafikiri. Akamwita dereva mwenzake. Wakafikiri wote. Yule mwenzake, ili afikiri vizuri, alikuwa ameegemea nguzo ya kibao, na kibao chenye jina la mtaa huohuo kilikuwa juu ya kofia yake. Nikakionyesha kwa kidole.

"Aaah! Si ungesema kwa Mama Chapati!"

Mpwa wangu anaona mimi ndiye mshamba. "Mjomba, nakutumia lokesheni." Akatuma. Nikaifuata kwa miguu kama nilivyoagizwa na ile sauti ya kike, nikapinda, nikapinda tena, ikaniambia nimefika. Mbele yangu kulikuwa na ukuta, nyuma mtaro, na mbuzi mmoja aliyeonekana naye ametumiwa lokesheni.

Kariakoo nilidhani nitapumua, maana mitaa imenyooka na ina majina: Sikukuu, Aggrey, Narung'ombe, Kongo. Nilikuwa natafuta vipuri vya cherehani. Lakini kibao cha mtaa kimefunikwa na gauni la kuuzwa, na njia ya miguu imepangwa sufuria. Unatembea barabarani, pikipiki zinatembea pale ulipotakiwa kutembea wewe, na mwenye guta la marobota anakupigia kelele "pisha!" bila kusema upishe uende wapi. Vipuri nilivipata. Muuzaji aliniambia nikitaka vingine nirudi palepale, mkabala na lilipokuwa duka la Mhindi.

Siku ya kuondoka mpwa wangu alinisindikiza kwa maneno, yaani hakutoka kitandani. "Mjomba, nenda Mwenge, panda za Mbezi." Sasa Mbezi ziko mbili. Mbezi Luis, kwenye stendi yangu, ipo barabara ya Morogoro. Mbezi Beach ipo barabara ya Bagamoyo, kule kwenye upepo. Basi langu linaondoka saa nne, na tiketi hairudishwi.

Kituoni gari likaja limeandikwa MBEZI, basi. Konda anapiga bodi kwa kiganja: "Mbezi, Mbezi, Mbezi!"

"Luis au Beach?" nikamuuliza.

"We mzee panda kwanza, tutaelewana mbele."

Nikachungulia ndani. Palikuwa na siti ya dirishani. Nikapanda.