Mnyonge Mnyongeni: Sifa za ImagePullBackOff

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wasanidi wa programu humlaani ImagePullBackOff, ujumbe wa kushindwa kuvuta imeji ya kontena, kutwa kucha, lakini katika klasta ya majaribio ya Kubernetes hakuna mkweli kumpita. Umejenga imeji ya kontena kwenye laptopu yako, ukaikabidhi klasta iliyomo ndani ya laptopu hiyohiyo, naye anakujibu kuwa imeji haipo. Haipo vipi, na unaiona kwa macho? Unayoiona iko kwenye ghala la Docker. Nodi za kind, zana inayoiendesha klasta hiyo, ni kontena zinazojifanya seva, na kila moja ina ghala lake chini ya containerd. Wewe ulijaza la jirani. Zaidi ya ukweli, ana subira: hujaribu tena baada ya sekunde 10, kisha 20, kisha 40, mpaka afike 300, na hapo huendelea kubisha hodi kila dakika tano, hata ukiwa umelala. Na kwa kuwa jina uliloandika halikutaja hifadhi yoyote, huenda kukuulizia hadi Docker Hub, ambako hakuna anayekufahamu.

Watasema lugha yake inapotosha, maana hutaja kunyimwa ruhusa mtu akaanza kuhangaika na nywila. Hiyo ni staha tu: Docker Hub haimwambii mgeni kama hifadhi ya faragha ipo au haipo. Pingamizi zito ni kwamba hata ukiipakia imeji kwa amri ya kind load docker-image, bado anaweza kurudi. Hurudi kwa waliobaki na lebo ya latest, au wasioweka lebo kabisa, kwa kuwa hapo Kubernetes yenyewe huchagua sera ya kuvuta imeji iitwayo Always, na ni lazima hifadhi ya mbali iulizwe kwanza hata kama imeji imekaa mlangoni. Basi weka sera ya IfNotPresent, ya kuvuta imeji pale tu isipokuwepo, watasema, umfukuze moja kwa moja. Mfukuze, kisha ujenge upya kwa lebo ileile ya v1 na usahau kupakia: podi itawaka kijani kibichi ikiendesha msimbo wa jana, nawe utashinda ukitafuta kosa ulilokwisha kulisahihisha asubuhi. Kimya hicho hakina hata jina la kulitukana. ImagePullBackOff angalau husimama hadharani, kwa herufi kubwa na ndogo zilizochanganywa vibaya, akingoja lebo mpya.